Chokaa Iliyobaki

Siku ile makaburini tulikuwa watu watano na nusu, kama alivyosema Shangazi Sioned. Nilikuwepo mimi, Heulwen. Alikuwepo mama mkwe wangu Hannah, aliyekuja kusafisha kaburi la marehemu mumewe. Alikuwepo Shangazi Sioned mwenyewe, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye hana undugu nasi ila kijiji kizima kinamwita shangazi. Alikuwepo Mzee Ithel, mtunza makaburi. Na alikuwepo mume wangu Emlyn, ingawa hakukaa. Alituletea ndoo ya chokaa kutoka kwenye tanuri anakofanya kazi kule ufukweni, akaitua, akanikazia shali iliyolegea begani, akarudi kazini. Ile nusu alikuwa Nesta, binti yangu wa miezi mitatu, niliyemfunga kifuani kwa shali hiyo.

Ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Maua, ile ya wiki moja kabla ya Pasaka. Siku hiyo kila ukoo wa Porth Cennin husugua makaburi yake, huyapaka chokaa mawe na kuyawekea maua, ili Jumapili wafu wetu wapendeze. Wengine walikwisha kumaliza asubuhi. Sisi tulichelewa kwa sababu Nesta alikuwa ametapika maziwa kidogo aliyonyonya.

Niseme ukweli, mtoto wangu alikuwa anakwisha. Alizaliwa na ratili saba, na miezi mitatu baadaye alikuwa na nane tu. Maziwa yangu yalikuwa machache, na maziwa ya ng'ombe yalimharisha. Kila mtu alinihurumia. Emlyn alisukuma nyama yake kwenye sahani yangu akidai ameshiba. Mama mkwe aliniwekea kiini cha yai kila asubuhi. Shangazi Sioned alinipikia uji wa shayiri na kusimama mlangoni mpaka nimalize.

"Wewe mtoto wa mlimani," alinitania siku ile, nikiwa nimepiga magoti, "unasugua kaburi la mkweo kama unasugua sufuria ya harusi. Marehemu hakuwahi kuoga hivyo akiwa hai."

"Msamehe," mama mkwe akasema. "Alioga Krismasi."

Tulicheka. Upepo ulikuwa mtulivu, na bahari chini yetu ilikuwa ya kijivu na kimya.

Tulipomaliza, chokaa nusu ndoo ilibaki. Chokaa ikishachanganywa na maji haiwekwi, inakuwa jiwe. Wale kina mama wawili walikwenda nyuma ya kanisa kufunga maua mafungu. Mzee Ithel alikwenda kisimani. Mimi nikabaki na ndoo yangu, nikatazama huku na huku, nikaliona jiwe moja kando ya ukuta wa upande wa bahari.

Mawe yote yalikuwa meupe, lile lilikuwa jeusi. Lilikuwa bapa, limelala chini, limeota kuvu na kuchafuliwa na kinyesi cha ndege. Juu yake palikuwa na jina moja tu: KEZIA. Halikuwa na mwaka, wala jina la ukoo.

Nililihurumia. Kwetu mlimani kaburi lisilo na mtu husafishwa na yeyote mwenye nafasi, na mama yangu alinifundisha kuwa hiyo ni sadaka. Mikono ilikuwa imenichoka, nikamlaza Nesta juu ya shali pembeni mwa jiwe. "Kaa na bibi kidogo," nikamwambia. Brashi ilikuwa imekauka ikawa ngumu. Nikajipaka mafuta ya nguruwe mikononi ili chokaa isiniunguze, nikachovya kitambaa, nikalipaka lile jiwe kwa mkono, taratibu, mpaka kwenye herufi.

"Na wewe bibi," nikasema, "usiaibike mbele ya wenzako."

Mzee Ithel aliporudi, alisimama. Ndoo ya maji ikainama mkononi mwake, maji yakamwagika kwenye viatu vyake, naye hakusogea.

"Nani kapaka hilo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi. Chokaa ilibaki."

"Kwa brashi?"

"Kwa mkono, mzee."

"Na mtoto alikuwa wapi?"

Nilimwonyesha. Alimtazama mama mkwe wangu, aliyekuwa ametokea na maua, na mama mkwe akamtazama Shangazi Sioned. Kisha Shangazi Sioned akanichukulia ndoo, akasema nina moyo laini kama siagi, na kwamba twende nyumbani kabla mtoto hajapata baridi. Njiani mama mkwe alinishika mkono. Hakuwahi kunishika mkono kabla ya siku ile.

Jumatatu asubuhi nilifungua mlango nikakuta gamba kubwa la chaza kizingitini. Ndani yake palikuwa na donge la mkate wa mwani, la moto, limeviringishwa kwenye unga wa shayiri.

Tunauita mkate ingawa hauna ngano. Ni mwani mweusi uliochemshwa nusu siku mpaka ukawa kama uji mzito. Asiyeuzoea huuona kama kinyesi cha ng'ombe. Mimi ilinichukua mwaka mzima kuuzoea. Lakini wanawake wa hapa husema unaongeza maziwa, nami nilijua hakuna mwenye kuniamkia na chakula ila Shangazi Sioned. Nilimshukuru moyoni, nikala nikiwa nimesimama.

Ulikuwa mtamu, mtamu kupita kiasi, na laini mno. Ulikuwa kama umekwisha kutafunwa.

Nilipokaribia kumeza tonge la mwisho, nikahisi unywele ulimini. Niliushika kwa kucha nikauvuta. Ukaja. Nikauvuta tena. Ncha yake nyingine ilikuwa bado kooni, ikinikwaruza ikipanda. Ulipotoka wote ulikuwa mweupe, mrefu kuliko mkono wangu, na mwishoni umeng'ang'aniwa na kipande cha ngozi laini.

Nilitapika mate. Kisha nikauchoma, nikanyamaza. Shangazi Sioned ana nywele nyeupe, na sikutaka kumwaibisha mtu aliyenilisha.

Jumanne nikakuta gamba la pili. Nilijilazimisha kula nusu, kwa ajili ya Nesta. Kisha nikayaosha magamba yote mawili, nikatia yai moja katika kila gamba, maana chombo cha watu hakirudishwi kitupu, nikampelekea.

"Sijachemsha mwani tangu Krismasi, mwanangu," akaniambia. "Na magoti haya ataniinamia nani kule mwambani?" Alikuwa bado anatabasamu. Halafu akayatazama yale magamba vizuri. Akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa hakuwa ameyagusa.

"Umekula?" aliuliza.

"Jana na leo."

"Mayai yarudishe nyumbani. Magamba yatupe baharini. Likija jingine usile."

"Kwani ni la nani, shangazi?"

"La mtu," akasema, akafunga mlango polepole.

Jioni nilimsikia akinong'ona na mama mkwe nyuma ya ukuta. Mama mkwe alisema, "Tukimwambia ataogopa, na akiogopa hata haya maziwa machache yatakauka." Nilidhani wananificha jambo la Emlyn. Kumbe walikuwa wananihurumia mimi.

Jumatano donge lilikuwepo. Nililitupia kuku. Kuku walilizunguka wakinyoosha shingo, hakuna aliyedonoa. Jogoo alilikaribia, akarudi nyuma, akaenda kusimama juu ya ukuta, na hakushuka kutwa nzima.

Alhamisi gamba halikuwepo. Nilifurahi. Nilimchukua Nesta nimbadilishe nepi.

Mtoto wangu hakuwahi kula kitu ila maziwa. Ndani ya nepi palikuwa na kitu cheusi chenye ukijani, cha nyuzinyuzi, chenye ute unaovutika kama kamasi. Harufu haikuwa ya mtoto. Ilikuwa shombo ya maji yakipwa, pale matopeni pasipokauka. Nilimtazama usoni. Kwenye pembe ya mdomo palikuwa na mstari mweusi. Niliufuta kwa kidole. Ukateleza. Ulikuwa wa moto.

Alhamisi ndiyo siku tuliyompima Nesta dukani kwa Bi Leah, kwenye mizani ya unga. Bi Leah aliipasha sahani ya mizani joto kwa kiganja kama kawaida yake, akamlaza, akaweka mawe. Akaongeza jiwe. Akaongeza jingine.

"Ratili kumi na moja," akasema. Akapima tena. "Kumi na moja, Heulwen. Mungu asifiwe." Alianza kulia, akanikumbatia, na mwanamke aliyekuwa ananunua sabuni naye akanikumbatia.

"Baba yake atampeleka tanurini wiki ijayo akabebe mawe," akasema yule mwanamke.

Nilicheka nao. Nani angeweza kutocheka? Mtoto alikuwa na mashavu. Alikuwa na vifundo vya nyama kwenye mikono. Lakini wiki iliyopita alikuwa na nane, na shingo yake ilipokunjamana niliona ndani ya mkunjo ule utando wa chumvi.

Nyumbani nikampa ziwa. Kwa mara ya kwanza tangu nijifungue maziwa yangu yalikuwa mengi, yamejaa mpaka yanauma. Nesta aliliangalia ziwa. Akakunja pua. Akageuza uso, kama mtu mzima aliyewekewa chakula kilichooza.

Nikajaribu tena. Akafumba mdomo.

Nikajaribu tena. Akatapika, na alichotapika hakikuwa maziwa.

Nilikwenda uani kuanika nepi kwa sababu nilitaka kulia mtoto asinione. Ilikuwa saa nane mchana, jua likiwaka. Nilikuwa na kibanio cha nguo mdomoni. Nikasikia kutafuna.

Kulikuwa kutafuna kwa polepole, kwa mtu asiye na meno. Fizi zikigusana. Ute ukivutwa. Sauti ilitoka dirishani kwetu.

Nilisogea. Nikachungulia.

Mwanamke mzee alikuwa ameinama juu ya kitanda cha Nesta. Alikuwa amenipa mgongo. Sketi yake ilichuruzika maji sakafuni. Nywele zake nyeupe zilining'inia, na kati ya nywele palikuwa na vitu vidogo vinavyotembea, kama viroboto wa pwani warukao mchangani. Shavu lake moja lilikuwa limevimba. Lilikuwa linazunguka. Linazunguka.

Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye vifundo. Ilikuwa chokaa. Chokaa yangu.

Akainama zaidi. Akaweka mdomo juu ya mdomo wa mwanangu. Niliona koo la Nesta likishuka na kupanda. Yule bibi alipoinua uso, uzi mweusi ulibaki umewaunganisha, unaning'inia, unang'aa kwenye jua.

Na alikuwa amemshika shingo vizuri. Hicho ndicho kinachonirudia mpaka leo. Alimwekea kiganja kisogoni, kwa uangalifu, kama mimi.

Nesta alicheka. Alikuwa hajawahi kucheka.

Nilipofika ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na maji sakafuni, na alama nyeupe za vidole vitano kwenye ukingo wa kitanda.

Mama mkwe alinikuta nimeketi chini nimemkumbatia mtoto. Hakuniuliza nimeona nini. Alimwita Mzee Ithel, na mzee akaja kofia mkononi, akaketi kwenye kigoda karibu na moto. Walinieleza wakinong'ona, kama anayezungumziwa yuko chumba cha pili.

Zamani, mama mkwe alisema, homa iliua akina mama wengi Porth Cennin. Watoto wanne walibaki bila maziwa. Kezia alikuwa mwanamke wa peke yake, mchuma mwani, mwenye kibanda chake kule mwambani. Aliwachukua. Aliwatafunia mwani akawalisha kwa mdomo, nao wakanenepa, watu wakamsifu kanisani. Lakini wale watoto hawakutaka tena chakula kingine. Hawakutaka mtu mwingine. Kisha ikafika Ijumaa Kuu. Wiki ya Pasaka ni wiki ya bamvua, maji hupwa kuliko siku nyingine zote, mwamba wa mbali hutokeza. Kezia akateremka kuchuma. Watoto watatu wakatambaa nyuma yake.

"Alirudi," akasema mama mkwe. "Wao hawakurudi. Kwenye mchanga palikuwa na alama za kwenda."

"Alijua?" niliuliza.

"Hakuna ajuaye. Aliketi kibandani mwake akitafuna mpaka akafa. Walimzika shavu limejaa. Tangu hapo hakuna aliyempaka chokaa, maana hapa kwetu anayempaka maiti chokaa kwa mkono wake amesema: huyu ni wangu. Na ndugu ana haki ya kumshika mtoto."

"Mngeniambia."

Mama mkwe alilia. "Tulidhani tunakuhurumia."

Nikamgeukia Mzee Ithel. "Ulisema watoto walikuwa wanne."

"Sikusema mimi," akajibu. Kisha akafungua mdomo, akainua mdomo wa juu kwa kidole, akanionyesha ufizi wake. Ulikuwa mweusi. Ulikuwa mweusi na unang'aa, kama mwamba maji yakipwa.

"Shangazi yangu alinifunga kamba mguuni siku ile," akasema. "Akanipeleka kwa Kezia, akaweka mdomo wake juu ya wangu mbele ya macho ya Kezia. Akavuta kila nilicholishwa. Miaka sabini sasa, na nimekula mkate kama watu. Kesho maji yatakapopwa, fanya hivyo juu ya jiwe. Kwanza bandua chokaa kwa mkono ule ule. Kisha vuta mpaka mwisho. Usimeze, na usiache katikati."

Usiku ule Emlyn aliketi na mgongo wake mlangoni, na mimi nikamlaza Nesta kifuani. Hatukulala. Alfajiri nilisinzia, dakika chache tu.

Niliamka kifua kikiwa chepesi.

Nesta alikuwa sakafuni. Alikuwa na miezi mitatu. Alikuwa anatambaa. Tumbo limegusa mawe, mikono inavuta, anaelekea upande wa bahari, na nyuma yake palikuwa na mstari wa ute mweusi kama wa konokono. Emlyn alimwona wakati mmoja na mimi. Mume wangu, anayebeba mawe ya tanuri begani, alishindwa kunyanyua mkono.

Nilimwokota. Alinifokea akinitolea ufizi.

Saa sita mchana wa Ijumaa Kuu watu walikuwa kanisani wanaimba. Sisi tulikuwa nyuma ya kanisa. Emlyn, mama mkwe na Shangazi Sioned walibaki langoni, maana mzee alisema pale jiweni asogee aliyepaka tu. Yeye alisimama hatua tano nyuma yangu. Chini, bahari ilikuwa imekwenda mbali. Sikuwahi kuiona mbali vile. Mwamba mweusi ulikuwa umetokeza, na mchanga wote ulikuwa mtupu.

Nilipiga magoti. Nilikwaruza chokaa kwa kucha. Ilitoka vipande vipande, kama gamba la kidonda. Chini yake jiwe lilikuwa limeota mwani. Mwani mbichi, mnene, umeshika mizizi ndani ya herufi. Jiwe lilikuwa la moto. Lilikuwa linasogea kidogo. Kama shavu.

"Vuta," Mzee Ithel alinong'ona.

Niliweka mdomo wangu juu ya mdomo wa mwanangu.

Ladha ile sitaieleza yote. Ilikuwa tamu. Mwanzo ulikuja ute, nikautema jiweni. Kisha uji mweusi, wa moto, wenye mchanga. Nikatema. Kisha uzi. Niliushika kwa meno nikavuta, ukaja, ukaja, nywele zimesukwa na mwani, na mwili wote wa Nesta ukawa unatikisika ukipita. Vilikuja na vidude hai, vikanitembea ulimini. Nilitema. Nilitapika juu ya nilivyotema. Nikarudi tena.

Mbele yangu, upande wa pili wa jiwe, palikuwa na miguu miwili yenye maji.

Sikuinua macho. Nilitakiwa kumlaani, nadhani. Wengine wangemlaani. Lakini nilikumbuka kile kiganja kisogoni.

"Bibi," nikasema, na mdomo wangu ulikuwa umejaa uchafu wake. "Asante. Mtoto ameshiba. Sasa nitamlisha mwenyewe."

Kutafuna kukakoma.

Nikavuta mara ya mwisho. Kitu kidogo kigumu kikagonga jino langu. Kilikuwa kimesuguliwa kama kokoto. Nilitaka kukishika kwa ulimi, kikateleza. Kikarudi mdomoni mwa mtoto. Na papo hapo Nesta akalia, kilio cha mtoto mchanga, chembamba, cha njaa, kilio changu nilichokizoea. Akakimeza kile kitu pamoja na pumzi yake.

Miguu haikuwepo tena. Jiweni palikuwa na majimaji tu, yanashuka kuelekea bahari.

Nilifungua vifungo pale pale. Nesta alilitafuta ziwa kwa pua, akalishika, akanyonya mpaka akalala. Maziwa yalitiririka shavuni mwake, meupe. Shangazi Sioned alikuja na ndoo ya maji ya moto aliyoibeba kutoka nyumbani, na magoti yake yale. Alininawisha uso, akanisukutua mdomo, akanifuta vidole kimoja kimoja, na hakukunja uso hata mara moja.

"Ulivuta mpaka mwisho?" Mzee Ithel aliniuliza.

"Ndiyo, mzee," nikasema.

Mtoto alikuwa ananyonya. Sikuwa na nguvu ya kumtoa ziwani.

Jiwe la Kezia ni jeusi mpaka leo, na mimi mkate wa mwani siuli tena. Nesta ana miaka kumi na miwili. Ana afya, anaimba kanisani, na kila Jumamosi ya makaburi anashika mkono wangu mpaka tunatoka langoni. Kwetu jino la utoto hutiwa chumvi likatupwa motoni, na yake nimeyatupa mimi mwenyewe, yote, moja moja, kadiri yalivyong'oka. Shangazi Sioned, aliyelea watoto tisa, anasema mtoto huwa na meno ishirini. Mwezi uliopita Nesta alitema la ishirini na moja, limesuguliwa kama kokoto.

Nililitia chumvi, nikalitupa motoni kama mengine. Halikuungua.